UZI: PBS na ABA ni ndugu au maadui? Watu wa kea, walimu na wazazi wa watoto wenye usonji karibuni tujadili

#1 Kea wa Midlands (mleta uzi)

Wakuu habari za mda huu. Kila mara kwenye magrupu yetu ya watu wa kea (sisi tunaofanya kazi ya kuwahudumia wenye ulemavu na wasiojiweza) linarudi swali moja, PBS na ABA ni kitu kimoja au la, na majibu yanayotolewa yananiuma kwa kweli, manake yanagusa maisha ya watu tunaowahudumia. Mtu katoka treningi ya PBS anatangaza kwamba "sisi hatufanyi ABA, ABA ni ukatili", mwingine yuko Marekani anampeleka mtoto kliniki ya ABA anajibu kwamba PBS ni maneno matamu yasiyo na sayansi, alafu mzazi yuko Mbagala au Kayole ana mtoto mwenye usonji anasoma mabishano yote hayo na hatoki na kitu cha kumsaidia kesho asubuhi.

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayetaka kupinga apinge. PBS imetoka tumboni mwa ABA, zana zake za kazi karibu zote ni za ABA, ilichoongeza ni kuuliza kazi hii inafanywa kwa faida ya nani na maisha ya mhusika yamekuwa bora au la. Ukiiondoa ABA ndani ya PBS unabaki na fomu za kujaza, na ukifanya ABA bila hilo swali unaweza ukawa fundi mzuri sana wa kumtawala mtu asiyeweza kujitetea.

Kwa wasiozijua hizi herufi, ABA ni uchambuzi wa tabia kwenye maisha halisi, yaani unaangalia nini kilitokea kabla, mtu alifanya nini, na baada ya hapo alipata nini au alikwepa nini, maana hicho cha baada ndo kinachoamua kama atarudia. PBS ni sapoti chanya ya tabia, mpango wa kumsaidia mtu ambaye tabia zake zinamuumiza yeye au wenzake, kwa kurekebisha mazingira yake na kumfundisha njia nyingine ya kupata anachohitaji, bila kumwadhibu.

#2 Kea wa Midlands (mleta uzi)

Naendelea, tuanze na ukoo wenyewe manake watu wanabishana bila kujua nani kamzaa nani.

Babu ni B.F. Skinner, Mmarekani, kitabu chake cha 1938 kilitokana na panya wa maabara. Mwaka 1949 Paul Fuller alichukua kanuni zilezile akaenda kwa kijana wa miaka 18 mwenye ulemavu mkubwa sana, analala tu, madaktari wanaamini hawezi kujifunza chochote, akawa anampa maziwa yenye sukari kidogo kila akisogeza mkono wa kulia, na kijana akaanza kuuinua huo mkono kwa makusudi. Mimi hiyo habari huwa inanigusa sana, manake mwanzo wa hii fani kwa binadamu ulikuwa ni kumwonyesha kila mtu kwamba huyu aliyekatiwa tamaa anajifunza.

ABA kama ABA ilipata jina na jarida lake mwaka 1968, Baer, Wolf na Risley wa Chuo Kikuu cha Kansas wakaandika makala ya sifa saba za kazi hiyo, na ya kwanza kabisa ni kwamba lazima ishughulike na jambo lenye maana kwa watu na jamii, sio kwa mtafiti. Miaka kumi baadae, 1978, Wolf huyohuyo akaandika kwamba haitoshi tabia kubadilika, wahusika wenyewe waulizwe kama lengo lina maana kwao, kama njia iliyotumika inakubalika na kama wameridhika na matokeo. Wanaosema utu uliletwa na PBS wasome hapo, ulikuwemo kwenye karatasi za ABA tangu zamani. Tatizo ni kwamba watu wengi hawakuufanyia kazi.

Sasa doa. Ivar Lovaas wa UCLA (chuo kikuu kimoja cha California) miaka ya 60 alitumia shoti ya umeme na makofi kwa watoto wenye usonji, na hata ule utafiti wake maarufu wa 1987, wa watoto 19 waliofundishwa masaa 40 kwa wiki na 9 kati yao wakafikia kusoma darasa la kawaida wakiwa na akili za kiwango cha kawaida kwa vipimo, ndani yake kulikuwa na kumkemea mtoto kwa sauti kubwa na kofi la paja. Utafiti huo ndo uliofanya wazazi wa Marekani waikimbilie ABA, na hapohapo ndo ilipotoka sifa mbaya inayoifuata mpaka leo.

Wakati huohuo kuna wengine ndani ya ABA hiyohiyo walikuwa wanauliza swali tofauti kabisa, sio "tunaizuiaje hii tabia" bali "hii tabia inamsaidia nini huyu mtu". Edward Carr aliandika hilo 1977 kuhusu watu wanaojiumiza. Brian Iwata na wenzake 1982 wakachukua watu 9 wanaojipiga na kujing'ata, wakawaweka kwa vipindi vya kama dakika 15 kwenye hali tofauti, mara anapewa kazi ngumu, mara mtu anamjali pale tu anapojiumiza, mara yuko peke yake, mara anacheza bila kudaiwa kitu, na kwa 6 kati ya hao 9 ikaonekana tabia inapanda kwenye hali fulani na kushuka kwenye nyingine. Yaani watu wawili wanajipiga kichwa kwa namna ileile, mmoja anaomba aachwe na kazi, mwingine anaomba mtu amwangalie. Ukiwapa dawa moja utamkosa mmoja.

Alafu 1985 Carr na Mark Durand, na hapa nawaomba msome taratibu. Watoto wanne wanaofanya fujo darasani, wengine fujo inatoka kazi ikiwa ngumu, wengine inatoka mwalimu asipowajali. Wakafundishwa kusema. Wa kazi ngumu anafundishwa kusema "sijaelewa", wa kutaka kujaliwa anafundishwa kuuliza "nafanya vizuri?". Fujo ikashuka sana. Ila walipofundishwa maneno yasiyoendana na sababu ya fujo, haikushuka. Hilo ndo moyo wa PBS yote mnayofundishwa kwenye treningi zenu, na lilichapishwa kwenye jarida la ABA!

Jina la sapoti chanya lilikuja kushika 1990, makala ya Rob Horner, Glen Dunlap, Robert Koegel, Carr na wenzao wakitaka teknolojia ya kusaidia watu bila maumivu. Koegel huyo alifanya kazi na Lovaas pale UCLA na kuandika nae miaka ya 70. Kwa iyo mnaposema ni kambi mbili zisizojuana, mnakosea, hawa ni watu walewale, waliona walichoona na wakaamua kwenda upande mwingine na vifaa vyao mkononi.

Na sio wao tu. Nje ya fani kulikuwa na vuguvugu la Bengt Nirje wa Sweden na Wolf Wolfensberger, kwamba mtu mwenye ulemavu wa akili ana haki ya kuishi maisha ya kawaida mtaani, sio kufungiwa kwenye taasisi. PBS ilichukua sayansi kutoka kwa ABA na ikachukua lengo kutoka huko.

#3 Mkenya wa Worcester

Asante sana kaka kwa hii, umeifafanua vizuri. Mimi niko Massachusetts, nafanya grup homu, yaani nyumba wanamoishi watu wenye ulemavu wakihudumiwa, na kama unavyojua huku hizo nyumba zimejaa Wakenya na Waganda. Idara ya jimbo inayosimamia watu wenye ulemavu wa akili imeweka PBS ndani ya kanuni zake, kwa hivyo sisi tunaiishi kila siku. Lakini huku huku jimboni, pale Canton, kuna Judge Rotenberg Center, kituo cha watu wenye ulemavu, ambayo imetumia kifaa cha kumpiga mtu shoti kwenye ngozi akifanya tabia isiyotakiwa. Na wao husema wanafuata sayansi ya tabia. Sasa ukiniambia ABA na PBS ni familia moja, mimi naingia na wasiwasi, kwa sababu hiyo familia imelea hata hao.

#4 Kea wa Midlands (mleta uzi)

@Mkenya wa Worcester uko sahihi kuwa na wasiwasi na sitaki kulipamba hilo. FDA, mamlaka ya Marekani ya dawa na vifaa tiba, ilipiga marufuku kile kifaa 2020, mahakama ikaitengua 2021, bunge la Marekani likarekebisha sheria mwishoni mwa 2022 ili FDA iwe na nguvu hiyo. Na chama cha kimataifa cha wachambuzi wa tabia wanachama wake walipiga kura 2022 hiyohiyo kupinga waziwazi kumpiga mtu shoti kama tiba. 2022, wakuu! Zaidi ya miaka 30 baada ya makala ya Horner. Hapo ndo naona kwa nini PBS ilihitaji jina lake, manake ABA kama sayansi inakwambia adhabu inafanyaje kazi, inaeleza tu, haikwambii usiitumie, PBS ilisema hapana tangu mwanzo na ikaweka hapana hiyo kwenye msingi wake.

Ndani ya ukoo wenyewe walibishana sana kuhusu hili. 2002 James Carr (sio Edward, ni wawili tofauti) na Tina Sidener waliandika kwamba ukiichambua PBS hukuti kitu ambacho hakikuwemo kwenye ABA, kwa hiyo kuiita sayansi mpya ni kuwachanganya watu. Mwaka huohuo Edward Carr na wenzake wakaandika kwamba imeshakuwa sayansi inayojitegemea, inaangalia maisha yote ya mtu kwa mda mrefu na inabadilisha mifumo, sio tabia moja tu. 2006 Johnston na wenzake wakaja juu kwamba PBS inapunguza ubora, watu wanafundishwa haraka haraka wanapelekwa kazini. 2008 Dunlap na wenzake wakajibu kwa makala ambayo kichwa chake kinaita uhusiano huo muungano wa kifamilia.

Mimi kwenye hoja ya vifaa naona James Carr na Sidener wameshinda. Kwenye hoja ya lengo Edward Carr ameshinda. Na ile ya 2006 ya ubora niliichukia nilipoisoma mara ya kwanza, ila sasa hivi nikiangalia mipango ya PBS inayoandikwa huku Uingereza naona walichokiogopa kimetokea kweli.

#5 Data Kwanza

Mleta uzi hapo mwisho umegusa penyewe. Uingereza imeibeba PBS kama dini baada ya ile kashfa ya Winterbourne View, alafu utafiti wa Hassiotis na wenzake uliotoka 2018 ukalinganisha timu zilizofundishwa PBS na zilizoendelea na huduma ya kawaida, tabia ngumu hazikupungua zaidi. Sasa tunaitetea kwa lipi?

#6 Kea wa Midlands (mleta uzi)

@Data Kwanza swali la maana sana hili mkuu. Kwanza tuwaeleze wasiojua, Winterbourne View ilikuwa hospitali binafsi karibu na Bristol, 2011 kipindi cha BBC kinachoitwa Panorama waliingiza kamera ya siri ikaonyesha wafanyakazi wanawapiga na kuwatesa wagonjwa wenye ulemavu wa akili, wafanyakazi 11 wakatiwa hatiani na 6 kati yao wakafungwa jela. Baada ya hapo serikali ikatoa mwongozo 2014 wa kupunguza kumshika mtu kwa nguvu, NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, nao 2015 wakatoa wa kwao kuhusu tabia ngumu kwa watu wenye ulemavu wa akili, na kila kampuni ikaandika PBS kwenye tovuti yake.

Huo utafiti wa 2018 ulipima kuwafundisha PBS wafanyakazi wa timu za jamii. Kumfundisha mtu siku kadhaa na kumrudisha kwenye mzigo wake uleule wa kazi ni kitu kimoja, na mhusika kufanyiwa uchunguzi wa kwa nini, kuandikiwa mpango, mpango ukafuatwa na shifti zote na kurekebishwa kwa data, hicho ni kitu kingine kabisa. Hapa ndo nasema ABA ikitolewa ndani kinachobaki hakina nguvu. Nimeona mipango ya kurasa nyingi, picha nzuri, rangi ya kijani, njano na nyekundu, imeandikwa "anapenda muziki, mpe nafasi, ongea nae kwa upole", na hakuna mstari hata mmoja unaosema huyu bwana anapiga watu KWA SABABU GANI. Upole ni wajibu wetu kwa kila binadamu, sio mpango wa tabia.

Chukua mfano kijana anayerusha sahani wakati wa kula. Unaandika wiki mbili tatu kila tukio, nani alikuwepo, kelele zilikuwaje, aliombwa nini, baada ya sahani kuruka kilifuata nini. Ukikuta kila mara baada ya sahani anatolewa chumba cha kulia na kwenda kukaa chumbani kwake kwenye utulivu, basi sahani ndo mlango wake wa kutokea. Unampa mlango mwingine, kadi au ishara ya mkono ya kusema "natoka", na unaiheshimu kila akiionyesha, hata kama chakula hakijaisha, alafu unajiuliza pia kwa nini analazimishwa kula na watu saba chumba chenye TV na redio pamoja. Kipande cha kwanza ni ABA tupu. Kipande cha mwisho, cha kugeuza jicho kwenye nyumba badala ya kijana, ndicho PBS inachokisisitiza.

#7 Mama Wawili

Nasoma kimya tangu juzi. Mwanangu ana miaka sita, usonji, hasemi, anapunga mikono sana na kuzunguka akifurahi. Nipo Dar. Nimepata kituo wanasema wanafanya ABA, watamfundisha akae atulie, mikono chini, na amwangalie mtu machoni. Huku mtandaoni nasoma watu wazima wenye usonji wanalia kwamba hiyo kitu iliwaumiza. Nisaidieni.

#8 Kea wa Midlands (mleta uzi)

Mama Wawili pole na hongera kwa kupambania mwanao. Hao watu wazima wasikilize, wao ndo waliokaa kwenye hivo viti. Wengi wanasema walifundishwa kuficha walivyo ili wengine wasisumbuke, na inawachosha mpaka ukubwani.

Kupunga mikono akifurahi hakumdhuru yeye wala mtu mwingine, kwa iyo kwa mtazamo wa PBS sio lengo kabisa, na hata kwa lile swali la Wolf la 1978 halipiti, lengo hilo ni la nani? Kuangalia machoni hivohivo. Mtoto wa miaka sita asiyesema anachohitaji kabla ya kitu chochote ni njia ya kuwasiliana, picha, ishara, kibao, chochote kitakachofanya aweze kusema nataka, sitaki, inauma, nimechoka. Waulize hao wa kituo watamfundishaje kusema HAPANA na wao watafanya nini akisema hapana. Uliza kama unaweza kukaa ndani ukaangalia. Uliza akilia wanafanya nini. Wakikujibu kwamba wanampuuza tu mpaka azoee bila kutafuta sababu, mchukue mwanao dada yangu. Ila wakikwambia wanaanza kwa kuangalia anapenda nini, wanafundisha mawasiliano wakati wa kucheza, na malengo mtapanga pamoja, usiwakimbie kwa sababu tu bango limeandikwa ABA. Kuna ABA nzuri sana ambayo ukiiangalia huwezi kuitofautisha na PBS.

#9 Mwalimu wa Kitengo

Mimi nipo kitengo cha elimu maalum, shule ya serikali, Tanzania. Mnayoongea ni mazuri ila huku fimbo bado ipo kisheria, kanuni za 1979, baadae waraka ukasema visizidi viboko vinne na awe mwalimu mkuu au aliyeidhinishwa nae. Mwalimu mwenzangu anasema fimbo inafanya kazi, mtoto anatulia hapohapo. Namjibu nini kisayansi?

#10 Kea wa Midlands (mleta uzi)

Mwalimu shikamoo, hili nalipenda manake ABA inalijibu vizuri kuliko hotuba yoyote ya huruma. Mwambie mwenzako kweli mtoto anatulia hapohapo, na hicho hasa ndo kinachomfundisha MWALIMU. Kelele ilikuwa inamkera, kapiga, kelele imekoma, mkono wake umepata zawadi ya kuondolewa kero, kesho utanyanyuka haraka zaidi. Tuliye na uhakika kwamba tabia yake inaimarishwa pale ni mwalimu. Mtoto ambaye alipiga kelele kwa sababu haelewi kazi, bado haelewi, na sasa anaogopa. Na yule anayetafuta kutolewa darasani, ukimchapa na kumtoa nje umempa alichotaka pamoja na maumivu.

Kenya waliondoa fimbo shuleni 2001 na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaikataza kabisa, kwa hiyo sio jambo lisilowezekana kwetu.

Kuhusu shule nzima, Horner na George Sugai wa Oregon walipeleka PBS kwenye shule za kawaida Marekani, baada ya sheria ya 1997 ya elimu ya watoto wenye ulemavu kuitaja kwa jina. Hatua ni tatu. Wanafunzi wote wanafundishwa kanuni chache za shule kwa vitendo, kama unavyofundisha hesabu, na wanasifiwa wakizifuata, hapo kwa makadirio yao kama asilimia 80 hawahitaji zaidi. Wachache wanaongezewa usaidizi wa kikundi. Wachache zaidi ndo wanafanyiwa uchunguzi binafsi kama wa yule kijana wa sahani. Haihitaji hela nyingi, inahitaji walimu wote wakubaliane, na hapo ndo pagumu.

#11 Mkenya wa Worcester

Kaka swali la mwisho kutoka kwangu. Nina dada yangu Nairobi ni mwalimu kwa yunit ya usonji, anataka kusomea hii kitu awe na cheti cha kimataifa. Aanzie wapi?

#12 Kea wa Midlands (mleta uzi)

Mwambie aangalie vizuri kabla hajalipa pesa. Bodi ya Marekani inayotoa vyeti vya wachambuzi wa tabia ilianza 1998, na tangu Januari 2023 haipokei tena maombi mapya kutoka nchi nyingi za nje, Kenya na Tanzania zikiwemo. Kuna wanaoendelea kuuza kozi mtandaoni kama vile njia bado iko wazi. Maarifa yenyewe anaweza kuyapata, cheti hicho akiwa anaishi Nairobi ndo kigumu.

Aanze na mtoto mmoja kwenye yunit yake, daftari la kawaida alichore safu nne, saa ngapi, nini kilitangulia, mtoto alifanya nini hasa (asiandike "alikuwa mkorofi", aandike "alimng'ata Juma mkono wa kushoto"), nini kilifuata. Aandike pia siku ambazo halikutokea kitu, hizo watu huziacha na mara nyingi jibu liko humo. Mama mtu awe anaulizwa kila hatua, alilala vipi, alikula nini, ana kidonda mdomoni au sikio linamuuma, manake maumivu ya mwili yanaanzisha tabia nyingi na hakuna mpango wa tabia unaotibu jino. Akishajaza kurasa kadhaa alete humu bila jina la mtoto wala la shule, tutaziangalia pamoja.